Kufuma Viatu vya Watoto Wachanga: Kazi Ndogo ya Mikono, Deni Kubwa la Upendo

*Hotuba iliyotolewa kwa idara ya wamama na wageni wa ushirika, siku ya pili ya maadhimisho, Old Town, Lilongwe*

 

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, wamama wenzangu, wababa na vijana, na ninyi wageni mliovuka mipaka kuja kusherehekea pamoja nasi: karibuni sana. Waliotoka Dzaleka kwa minibasi za alfajiri, poleni na safari. Wenzetu wa Zambia, wa Nampula, wa Kigoma, wa Uvira na Bukavu ambao mtaisoma hotuba hii katika gazeti, salamu zenu tumezipokea na tunazirudisha.

Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya kazi ya mikono. Viongozi waliniambia, "Mama, chagua wewe jambo." Nimechagua jambo dogo kabisa, ambalo ukilikunja linaingia kwenye kiganja: viatu vya mtoto mchanga, vile vya kufuma kwa kroshia. Nimeona ndugu wengine wanacheka. Chekeni tu. Mkimaliza mnisikilize, kwa sababu nina sababu tatu za kulileta hapa. Ya kwanza ni uhai wa mtoto, ya pili ni heshima ya mama anayefuma, na ya tatu ni chakula cha nyumba yake.

Kwa nini miguu ya mtoto?

Mtoto akiwa tumboni yuko mahali pa joto. Siku anayozaliwa anatoka amelowa, anakutana na hewa ya nje, na mwili wake bado haujajua kujipasha. Joto lake zuri ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, mtoto anatumia nguvu zake zote kutafuta joto, anakosa nguvu ya kunyonya, na asiponyonya anapoa zaidi. Ni mduara mbaya, na unamuua mtoto kimya kimya, bila kulia.

Aliyezaliwa kabla ya wakati, yule ambaye ndugu zetu wa Tanzania wanamwita mtoto njiti, hatari yake ni kubwa zaidi. Hana mafuta chini ya ngozi. Na hapa Malawi jambo hili si la watu wachache. Mwaka 2012 ilitolewa ripoti ya dunia nzima juu ya watoto wanaozaliwa kabla ya wiki 37, kwa hesabu za mwaka 2010. Malawi ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko nchi zote: watoto 18 katika kila 100. Hesabu wamama waliokaa katika safu hizi mbili za mbele, mtaelewa ninachosema.

Wengi wenu mmesikia habari ya kumbeba mtoto njia ya kangaruu. Mtoto anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anafungwa vizuri kwa chitenje. Njia hii ilianza Bogotá, nchi ya Colombia, mwaka 1978, kwa sababu hospitali ilikuwa na watoto wengi na mashine chache. Malawi ilianza kutumika Zomba mwaka 1999. Halafu mwaka 2021 yakatoka majibu ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi tano, na Malawi na Tanzania zimo. Watoto zaidi ya 3,200, wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza wapate nguvu, waliofariki katika siku 28 za mwanzo walikuwa 12 katika kila 100. Wale waliosubirishwa walikuwa karibu 16. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu faida ilionekana wazi.

Sasa mtauliza, viatu vinaingia wapi hapo? Mtoto aliye kifuani kwa njia hii havai shati wala blanketi katikati yake na mama. Anavaa nepi, kofia, na soksi au viatu vya kufuma. Basi. Vitu vitatu. Kifua na mgongo vinapata joto la mama na la kitambaa, lakini kichwa na miguu vinachungulia nje. Nepi inaweza kukatwa kwenye chitenje cha zamani. Kofia na viatu ndivyo vinavyotafutwa. Na mama aliyepatwa na uchungu wiki ya 30 hakuwa amejiandaa na chochote.

Tena mnajua wenyewe jinsi tunavyokwenda kujifungua. Mama anabeba beseni, plastiki, wembe, vitenje vyake. Asiye na kitu anakwenda mikono mitupu na aibu yake. Hapa Old Town tuko jirani na Bwaila, hospitali ambayo wengi bado wanaiita Bottom kwa jina lake la zamani, na wanawake wanaojifungulia pale ni wengi mno. Kule Dzaleka kuna kituo cha afya kinachohudumia kambi na vijiji vya jirani pamoja. Kwa hiyo viatu tunavyofuma vitavaliwa na mtoto Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, na mtoto Mchewa pia. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba katika Dowa haimuulizi mtu karatasi zake.

Kabla ya kuvalisha, tazama

Ninaomba wamama vijana mshike hili, hata mkisahau mengine yote.

Kila mara unapovua viatu vya mtoto, shika miguu na tazama nyayo. Miguu ikiwa ya baridi lakini tumbo lina joto, mtoto ameanza kupoa: mweke kifuani, mfunike, mnyonyeshe. Tumbo nalo likiwa la baridi, hiyo ni hatari, mweke kifuani hivyo hivyo na uende kituoni sasa hivi. Nyayo na viganja vikiwa vya manjano, usisubiri kesho. Mtoto asiponyonya, akipumua haraka haraka, akishtuka kwa degedege, au akilala tu mpaka umguse ndipo asogee, nenda.

Wapendwa, nitasema wazi maana tuko nyumbani. Tunaamini maombi, na mimi ninayaamini kwa moyo wote. Lakini mtoto wa manjano asibaki ndani siku tatu tukisema tunaendelea kumwombea. Tumwombee njiani. Mchungaji aombe akiwa juu ya kabaza, nyuma ya baiskeli, mama akiwa mbele na mtoto. Mungu anayesikia ibadani anasikia barabarani pia. Au siyo? (Amina!)

Namna ya kufuma

Wale waliokaa nyuma na sindano zao tayari, twende pole pole.

Uzi uwe laini, wa unene wa kati, na sindano ya kroshia ya milimita 4. Anza na minyororo 10. Rudi kuanzia mnyororo wa pili kutoka kwenye sindano: weka mafundo mafupi 8, moja katika kila mnyororo, halafu manne katika mnyororo wa mwisho. Geuza upande wa pili wa minyororo ile ile, weka 7, na katika tundu ulipoanzia ongeza 3. Hesabu yako ni 22. Raundi ya pili, kila fundo la kwenye ncha zile mbili, manne huku na manne kule, weka mawili mawili: unapata 30. Raundi ya tatu, kwenye ncha ongeza moja baada ya kuruka moja: 38. Hapo unyayo umekwisha. Upime, uwe karibu sentimita 9 kwa mtoto aliyetimiza miezi yake. Kwa mtoto njiti anza na minyororo 7 na uzi mwembamba zaidi, unyayo uwe sentimita 6 au 7.

Kuta za kiatu ni raundi tatu bila kuongeza. Kisha upande wa vidole, chukua mafundo 16 ya mbele uyaunganishe mawili mawili, yabaki 8. Raundi inayofuata, hayo 8 yawe 4. Sasa una mafundo 26 kuzunguka. Panda juu raundi nne au tano kufunika kifundo cha mguu, na kiatu kimekwisha. Mwenye mkono mzoefu anamaliza jozi kwa saa moja na nusu. Anayejifunza, jioni mbili. Usione aibu kufumua. Uzi hausemi mangapi umefumua.

Sasa mambo ya usalama, na hapa sitaki mzaha.

Moja: usiweke kifungo, shanga wala ua la kushonea. Mtoto huvuta na kuweka mdomoni.

Mbili: geuza kiatu ndani nje na ukague nyuzi. Uzi mmoja uliolegea ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukaza mpaka damu isipite. Mtoto analia usiku kucha, mama anafikiri ni tumbo, kumbe ni kidole. Ficha mwisho wa uzi vizuri, ushone mara mbili, ndipo ukate.

Tatu: matundu yawe madogo. Mapambo ya matundu makubwa ni mazuri kwa kitambaa cha meza. Kwa mtoto yanakamata kidole.

Nne: kamba iwe fupi, ishonwe nyuma isichomoke, na isikaze. Kidole chako cha mwisho kiingie kati ya kamba na mguu.

Tano: uzi wa akriliki unaosambaa madukani ni wa bei nafuu na unafulika haraka, lakini karibu na moto unayeyuka na kushika ngozi. Mama anayepika kwa mkaa huku amembeba mtoto ajue hilo. Kwa sehemu za joto, dada zangu wa Uvira na Nampula, fumeni kwa pamba. Uzi mzito tuuache kwa Bukavu na Dowa.

Sita: fua na ukaushe juani kabla ya kutoa. Hata kama uzi ni mpya. Umekaa dukani, umekaa kwenye minibasi, umekaa mapajani mwako.

Na mtoto akianza kusimama, mvue ndani ya nyumba. Viatu vya uzi juu ya sakafu ya saruji vinateleza, na mtoto anajifunza kutembea vizuri akiwa miguu mitupu.

Heshima ya anayefuma

Wapendwa, mtu akikaa kambini miaka kumi, kumi na tano, anazoea kuwa mpokeaji. Unapanga mstari wa posho. Unapanga mstari wa sabuni. Unapanga mstari wa karatasi. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, mahali ambapo zamani palikuwa gereza, na ilipangwa kwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili. Leo tuko zaidi ya elfu hamsini. Kuna watoto waliozaliwa pale, na sasa wao ni wamama. Mtu kama huyo amefundishwa na maisha kunyoosha mkono.

Lakini mkono huo huo ukishika sindano, umegeuka. Sasa unatoa.

Tumkumbuke Dorkasi wa Yafa, katika Matendo sura ya 9. Hatusomi kwamba alihubiri. Alipokufa, wajane walisimama wakilia na kumwonyesha Petro nguo alizowashonea. Ushuhuda wake ulikuwa umevaliwa. Tumkumbuke Hana, aliyekuwa akimpelekea Samweli kanzu ndogo kila mwaka. Fikirini, mama anayemwona mtoto wake mara moja kwa mwaka, anakadiria urefu wake kwa moyo tu. Kuna wamama hapa waliofuma hivyo kwa wajukuu wasiowaona, walio Marekani, walio Australia. Ninyi mnamwelewa Hana kuliko wasomi.

Na si sisi wa kwanza kushika kroshia wakati wa shida. Nchi ya Ireland ilipopigwa na njaa kubwa, kuanzia mwaka 1845 mpaka 1852, viazi vilipooza shambani na watu wakafa na kukimbia kwa wingi. Wanawake wakafundishwa kufuma lesi kwa kroshia. Masista walifundisha kule Cork, na katika mji wa Clones mke wa mchungaji, Cassandra Hand, alianzisha kazi hiyo mwaka 1847. Sindano ndogo ikanunua unga. Lesi ile ikawa na jina, na mpaka leo inaitwa kwa jina la mji ule. Kazi iliyoanza kwa njaa ikaishia kuwa sifa. Kwa nini isiwe hivyo kwa Dzaleka?

Chakula cha nyumba

Tuzungumze pesa, maana bila pesa semina hii itakwisha leo jioni.

Mnakumbuka mwaka 2023. Mwezi wa tatu serikali ilitoa agizo kwamba wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, na mwezi wa tano utekelezaji ukaanza. Wengine kati yetu waliacha mabanda na biashara hapa Lilongwe, wakarudi kambini na watoto na mabegi. Duka halibebeki. Mgahawa haubebeki. Sindano ya kroshia inabebeka. Hiyo ni sababu moja ninayowaambia mabinti: pamoja na biashara yoyote uliyo nayo, uwe na kazi moja inayokaa kwenye mfuko.

Halafu mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo kwacha ikashushwa thamani kwa asilimia 44. Bei ya kila kitu ikapanda, na uzi haukubaki nyuma. Sitawatajia bei ya leo, kwa sababu mpaka gazeti hili likufikie itakuwa imebadilika. Nitawafundisha hesabu.

Tuseme bunda la uzi la gramu 100 ni kwacha 4,000. Jozi moja ya mtoto mchanga inakula karibu gramu 20, kwa hiyo bunda linatoa jozi 5. Uzi wa jozi moja ni 800. Umenunua mabunda 5, jozi 25, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa 5,000. Kila jozi inabeba 200 ya nauli. Tumefika 1,000, na bado hujalipa mkono wako. Ukiuza kwa 1,000 umefuma bure. Ukiuza kwa 900 kwa sababu mteja amekuita dada mpendwa, umemlipa yeye avae.

Kwa hiyo weka na bei ya saa zako, kisha useme bei bila kuinamisha kichwa. Ukipeleka bidhaa kwa mwenye duka kwa mali kauli, andikeni: jozi ngapi, bei gani, siku gani atalipa, na wote wawili mtie sahihi. Wapo waliochukua viatu vya watu vikauzwa, na kila ukienda unaambiwa rudi Jumamosi. Karatasi inamsaidia hata ndugu mwaminifu kukumbuka.

Na wanaoishi hapa mjini, msaada wenu ni huu. Mwenzako wa kambini hawezi kuja Old Town kila anapotaka. Wanne au watano wakichanga, mnunulieni uzi kwa jumla hapa karibu na soko, mpeni msafiri mmoja anayeaminika. Ile 200 ya nauli itashuka. Huo nao ni utoaji, ingawa hauonekani madhabahuni.

Tunachoomba

Namalizia kwa mambo manne, na viongozi wameyakubali.

Kwanza, kila mama anayejua kufuma atoe jozi mbili na kofia moja kila mwezi kwa ajili ya watoto njiti. Hizo ni za kutoa tu. Nyingine zote uza, ule na wanao, na usione unamwibia Mungu. Tusichanganye sadaka na biashara, zote mbili zitakufa.

Pili, kabla hatujapeleka, viongozi waende wodini wawaulize wauguzi: mnahitaji saizi gani, ngapi, na tuzifikishe namna gani. Huenda watasema kofia kwanza. Tutafuma kofia. Tusipeleke zawadi ya kutufurahisha sisi na kamera zetu. Na picha ya mama aliye kitandani na mtoto wa kilo moja haitapigwa. Asingependa, nasi tusingependa.

Tatu, katika kila fungu tuweke jozi chache ndogo kabisa, nyeupe, bila kamba. Si kila mtoto anatoka hospitali akiwa hai. Mama ambaye mtoto wake ameaga naye ni mama, na mtoto wake anastahili kuvalishwa kabla ya kulazwa. Wengine hapa mnajua ninachosema. Sitaendelea.

Nne, kila anayejua amfundishe mmoja asiyejua, na mvulana akitaka kujifunza asifukuzwe. Mafundi cherehani waliokaa kwenye baraza za maduka hapa Old Town ni wanaume, na hakuna aliyewacheka. Kaka zetu pia watakuwa baba, na mguu wa mtoto hauulizi nani aliyefuma.

Wenzetu wa nchi nyingine, msitutumie viatu huku. Fumeni hapo mlipo, pelekeni kituo cha afya kilicho karibu nanyi, kisha mtuandikie hesabu tu. Mwakani tukikutana tusome pamoja: Dzaleka jozi ngapi, Kigoma jozi ngapi, Uvira jozi ngapi. Tutaimba kwa hizo.

Mafunzo yataendelea baada ya chakula, chini ya mti upande wa jiko. Uzi na sindano vipo, vya kutosha watu thelathini. Mjane na mama asiye na uzi waje kwanza.

Mungu awabariki, abariki na kazi ya mikono yenu.